Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma

Yah: Kupima mkojo wa mtu mzima mwenye madoa ya damu miguuni

Ndugu Mganga Mkuu,

Habari za kazi. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi nje kidogo ya jiji, upande wa mashamba ya zabibu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu watu wa mkoa mzima, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, na kipimo ninachokiombea si mashine ya kuagizwa kutoka ng'ambo.

Ugonjwa ninaousema ni wa kuvimba mishipa midogo ya damu, na kitaalamu huitwa Henoch-Schönlein. Mara nyingi huanza hivi: mtu anaugua koo. Ananunua vidonge viwili vitatu duka la dawa, koo linapoa, anarudi shambani. Wiki moja hadi tatu baadaye anaota madoa miguuni na makalioni. Vitabu vinasema madoa mekundu au ya zambarau, lakini kwenye ngozi zetu mara nyingi huwa meusimeusi. Ukipapasa kwa kidole unayahisi yameinuka, kama choroko zilizofichwa chini ya ngozi, na ukiyakandamiza kwa bilauri ya kioo hayafifii. Magoti na vifundo vinauma. Wengine tumbo linawasokota na choo kinatoka na damu.

Kinachotokea ni kwamba maambukizi, mara nyingi ya kooni kama yale ya bakteria streptokoka, yameichokoza kinga ya mwili. Kingamwili za aina ya IgA, yaani chembechembe ambazo mwili hutengeneza kupigana na vijidudu, zinagandamana na kutuama kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Chembe nyeupe za damu zinazifuata hukohuko, kuta zinavimba, damu inavuja. Ikivuja kwenye ngozi unaona madoa, ikivuja kwenye utumbo mgonjwa analia. Kwenye figo haoni kitu wala hasikii maumivu, na ndiyo maana naandika.

Madaktari wa Ujerumani, Johann Lukas Schönlein na Eduard Henoch, waliueleza ugonjwa huu katika karne ya 19. Umezoeleka kuwa wa watoto, na kweli wagonjwa walio wengi ni watoto, tena wengi wao hupona wenyewe. Kwa mtu mzima unakuja na sura kali zaidi: figo zinaguswa mara nyingi zaidi, na wapo wanaobaki na ugonjwa wa figo wa kudumu.

Mdogo wangu ni mkulima wa zabibu. Alipoota madoa alikwenda zahanati, akaambiwa ni aleji ya salfa anayonyunyizia mizabibu. Si kosa la ajabu; wakulima wetu ngozi zinawawasha kweli msimu wa kunyunyizia. Akapewa vidonge vya aleji. Aliporudi analalamika magoti, akachomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo figo zilizojeruhiwa hazipaswi kuongezewa. Nyumbani nako majirani wakamwambia ana damu chafu, wakamchemshia mizizi. Hakuna aliyempa kikopo akojoe. Alipofikishwa hospitali kubwa mjini uso ulikuwa umevimba, presha iko juu, mkojo una damu na protini. Madoa yalikuwa yamekwisha kufifia, kwa hiyo hata kuchukua kinyama cha ngozi kwenda kukichunguza maabara hakukuwa na maana tena, maana kipimo hicho kinataka doa bichi, la siku moja au mbili.

Ndugu Mganga Mkuu, kinachoniuma ni hiki. Katika zahanati ileile, chumba cha pili, wajawazito walikuwa wanapimwa protini kwenye mkojo kwa kijiti cha kuchovya. Unachovya, unasubiri kidogo, unalinganisha rangi na zile za kwenye kichupa. Kijiti kilikuwepo. Hakikumfikia kwa sababu yeye ni mwanaume na hakuna mwongozo ukutani uliosema apimwe.

Naomba ofisi yako itoe waraka wa ukurasa mmoja kwa zahanati na vituo vyote vya afya mkoani. Useme kwamba mtu mzima yeyote mwenye madoa yasiyofifia yakikandamizwa, hasa kama aliugua koo au ana kidonda chenye usaha, apimwe mkojo na presha siku hiyohiyo. Akikutwa na damu au protini, apewe rufaa mapema. Akikutwa salama asiachwe, kwa sababu figo zinaweza kuguswa wiki kadhaa baadaye. Arudi kupimwa kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi hadi itimie miezi sita. Na waraka huohuo utenganishe wazi mgonjwa mwenye madoa pamoja na homa kali, shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa. Huyo anaweza kuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu au uti wa mgongo, na hasubiri kesho.

Vilevile bajeti ya vijiti ihesabu na watu wazima hawa, isije wajawazito wakanyang'anywa vyao.

Nafahamu kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa kwetu imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018, na najivunia hilo kama mkazi wa Dodoma. Lakini mkulima wa Chemba ambaye figo zimeshindwa na anahitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki hawezi kuishi Chemba. Atauza ng'ombe, atahamia mjini kwa ndugu, na shamba litabaki pori.

Mdogo wangu sasa anahudhuria kliniki ya figo na anameza dawa za presha. Anaweza kupogoa mizabibu, kubeba kreti hawezi.

Kama waraka utaandaliwa, niko tayari kuja kukaa na wauguzi wa zahanati yoyote utakayonipangia, niwaonyeshe jinsi ya kuyapapasa madoa hayo kwenye ngozi nyeusi. Sidai posho. Naomba majibu yako, nayo yawe ya hadharani.

Wako katika kuwahudumia wagonjwa,
Muuguzi mstaafu, Dodoma

Nakala: Waganga Wakuu wa Wilaya zote za Mkoa wa Dodoma