Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya ya Wakulima wa Muhogo, Wilaya ya Wete

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, wajumbe wa Kamati Tendaji na ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hivyo sitazirefusha. Shamba darasa lililimwa, mafunzo ya batobato, ugonjwa wa majani ya muhogo, yalifanyika, Nane Nane tulishiriki, na ghala limeezekwa upya baada ya mimi mwenyewe kuyafuatilia mabati hadi yakapatikana. Wanachama walioandikishwa ni 64, waliolipa ada ya shilingi 12,000 ni 23, makusanyo ni shilingi 276,000, matumizi ni shilingi 241,000, na mchanganuo anao Mshika Fedha.

Jambo linalohitaji maelezo ni uamuzi wa Kamati wa kuirudisha ilikotoka shehena ya vijiti vya mbegu ya muhogo iliyokuja kwa jahazi kutoka ng'ambo kabla ya vuli. Imesemwa barazani kwamba Mwenyekiti amewanyima watu chakula kwa kuogopa muhogo uliobadilishwa vinasaba, yaani chembe zake za urithi zimebadilishwa maabara, ambao hata haujafika Pemba. Vijiti vile havikuwa na cheti cha afya ya mimea, na aliyevileta hakuweza kutuambia vilikatwa katika konde la nani. Aliwaahidi wanachama kwamba ni muhogo mpya usioshikwa na michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha muhogo ndani. Sasa, jirani zetu wa Kenya waliidhinisha mwezi Juni 2021 muhogo uliobadilishwa vinasaba kwa ajili ya ugonjwa huo huo. Sikusema kwamba vile ndivyo, wala sisemi leo. Nilisema kwamba kwa macho hakuna awezaye kuvitofautisha, na kwamba kijiti chenye ugonjwa nacho huweza kuonekana kizima kabisa.

Mwanachama mmoja aliuliza, ikiwa muhogo hupandwa kwa kijiti, vinasaba hivyo vitatorokea wapi. Jibu limesimama uani kwake. Mti wa mpira, huu ambao kisamvu chake tunakipika kwa nazi, ni ndugu wa muhogo na huzaana nao; watafiti wa Amani kule Tanga waliutumia tangu miaka ya 1930 kuupatia muhogo uwezo wa kustahimili maradhi. Nyuki akitoka kwenye ua la muhogo huingia kwenye ua la mpira bila kuuliza mpaka wa shamba. Matunda yake yakikauka hupasuka kwa mlio jua linapokuwa kali, mbegu zikaruka hadi kwenye majani, na kila mwenye ua hapa amewahi kung'oa miche ambayo hakuipanda.

Wala habari hizi za vinasaba kutoroka shambani si za kubuni. Katika jimbo la North Dakota, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas walipima kanola, zao la mbegu za mafuta, iliyojiotea kandokando ya barabara mwaka 2010, wakakuta zaidi ya asilimia 80 ya miche waliyoichukua ina vinasaba vilivyopandikizwa vya kuhimili dawa ya magugu, na miwili kati yake ikihimili dawa mbili kwa pamoja, aina ambayo haikuwahi kuuzwa na kampuni yoyote. Japani hailimi kanola hiyo kibiashara, lakini imeota karibu na bandari kutokana na punje zilizomwagika wakati wa kupakua na kusafirisha; sisi wenye bandari ya Wete tulitafakari hilo. Huko Oregon, Marekani, nyasi zilizobadilishwa vinasaba zilizokuwa bado za majaribio zilipeleka chavua hadi kilomita 21. Najua nyasi zinategemea upepo na muhogo unategemea wadudu, lakini kisiwa chetu kizima upana wake ni kama kilomita 22.

Tena hatukujitungia sheria. Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa kuhusu usalama wa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, ambayo Tanzania imo tangu 2003, inataka nchi iarifiwe na iridhie kabla mbegu ya namna hiyo haijavushwa mpaka kwenda kupandwa. Siubezi uchungu wa mtu anayechimba muhogo wenye majani mazuri, akaukata na kukuta ndani umeoza rangi ya kutu. Konde langu nalo limeingiwa na ugonjwa huo. Ila shehena iliyo bandarini hurudishwa, na kinasaba kilichokwisha kuingia katika miti ya mpira ya vichakani hakirudishwi na Kamati wala na Wizara.

Nasikitika kwamba uamuzi huu ulipitishwa mbele ya wanachama 11 tu, ingawa mkutano uliitishwa kwa barua na kwa simu. Wanaolalamika zaidi hawakuhudhuria, na wengi wao ada hawajalipa. Katiba yetu haimpi haki ya kura mwenye deni, na mimi sikuiandika peke yangu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Inshaallah, kupata mbegu safi kutoka kwa watafiti wa Serikali, kuanzisha kitalu chetu wenyewe, na hali ikiruhusu kuihesabu miti ya mpira iliyo karibu na makonde. Ada zipokelewe kabla ya masika, na risiti anazo Mshika Fedha.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti