Kwa wapya wa Jumamosi: vifaa vya kuvulia

Habari zenu wanakikundi. Mnaotoka nasi kwa mara ya kwanza Jumamosi, tafadhali msinunue fimbo wala rili. Mshipi wa mkono unatosha kabisa, na vidole vitawafundisha upesi kumjua samaki anapodonoa.

Tafuteni nailoni inayohimili kilo 10 hivi, urefu mita 50, mwizungushe kwenye kibao au chupa tupu. Pa kuwa makini ni kwenye ndoana. Wengi huchukua kubwa wakitaraji samaki mkubwa, kumbe changu wadogo na tasi wana midomo midogo. Watakula chambo na kwenda zao. Chukueni namba 6 hadi 8, na mkumbuke namba ikipanda ndoana inapungua ukubwa. Bebeni za akiba, miamba hunasa nyingi. Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, liwe jepesi. Mkondo ukiwa mkali tutaongeza.

Ngisi wa chambo nitaleta mimi. Njooni na koleo na kitambaa kigumu: miiba ya tasi ina sumu, msimshike mkono mtupu! Na vipande vya nailoni msitupe baharini jamani, kasa hunaswa humo.

Asiye na mshipi aniandikie pembeni, ninayo ya ziada.