Kinamasi chetu si kiwanja kitupu cha kupandia mikaratusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililotokea ufukweni kwetu, hapa Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Victoria, wakati wa masika yaliyopita. Kikundi kimoja, ambacho nia yake njema siitilii shaka, kilipanda miche ya mikaratusi katika kinamasi kilicho kati ya mashamba yetu ya mihogo na ziwa, kwa maelezo kwamba eneo hilo lilikuwa wazi na miti yake michache.

Nilikuwapo. Kijana mmoja alipiga jembe mara nne tu, na kabla hajauchana mfuko wa mche wake, shimo lilikuwa limekwisha kujaa maji meusi yanayonuka kama yai viza. Harufu ile hutoka kwenye udongo usio na hewa, kwa kuwa oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosafiri hewani, na mizizi ya miti mingi ikizama humo hukosa pumzi. Ndiyo maana mikindu na mikuyu yetu imesimama mbalimbali, mingi ikiwa juu ya vichuguu na miinuko midogo inayozidi usawa wa maji kwa shubiri moja au mbili, na katikati yake jua likafika chini na kuotesha matete na nyasi ndefu, hadi unapofika kwenye mafunjo yanayoelea. Uwazi ule ndio umbile la msitu wenyewe. Haukusababishwa na shoka wala na uvivu wetu wa kupanda miti, kama tulivyoambiwa siku ile mbele ya watoto wa shule.

Misitu ya aina hii si ya Ukerewe peke yake. Jozani, kule Unguja, maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso wa udongo, na wakati wa mvua msitu hufurika. Humo wamo mitondoo, michikichi na mikadi. Ngezi, kisiwani Pemba, mabonde yenye maji yana miwale. Mbali zaidi, katika nyanda za kusini mwa kisiwa cha New Guinea, zinazofurika sehemu ya mwaka na kukauka sehemu nyingine, husimama melaleuka, mti wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, ambao ni wa ukoo mmoja na mikaratusi.

Huyo melaleuka ana kisa kinachotuhusu. Kwao ni mwenyeji anayeishi na majirani zake. Aina yake mojawapo ilipelekwa Florida, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, na baadhi ya watu wakaipanda kwa matumaini ya kukausha vinamasi. Ikasongamana ikawa vichaka visivyopitika, ikafukuza mimea ya pale, na mpaka leo serikali yao inagharamia kuing'oa.

Kinamasi chetu kikikauka au kusongwa hivyo, hasara itaanzia kwenye samaki. Sangara hawezi kukaa katika maji yenye oksijeni kidogo yaliyo ndani ya mafunjo na matete, na kwa sababu hiyo furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wamepata humo maficho tangu sangara alipoletwa ziwani katikati ya karne iliyopita. Akina mama wanaokata makuti machanga ya mkindu kwa ajili ya mikeka nao wana yao ya kusema, ingawa siku ya kupanda hakuna aliyewauliza.

Kuni ni tatizo kweli hapa kisiwani, na mikaratusi ikipandwa vilimani, mbali na chemchemi, nitakuwa wa kwanza kubeba miche. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na miche ile nimeipima mwenyewe kwa miguu: wa karibu uko hatua 22 kutoka majini. Iliyopandwa kwenye tope imekufa karibu yote. Iliyobaki iko ukingoni, penye unyevu wa kadiri, na sasa inanifika kiunoni.

Tumearifiwa kwamba kikundi kitarudi wakati wa vuli na miche mingine. Naiomba halmashauri imtume bwana misitu afike kabla ya siku hiyo, aing'oe iliyobaki wakati bado inang'oka kwa mkono.

Mwalimu mstaafu,
Nansio, Ukerewe