Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kenya: someni vifungu kabla reli haijafika Malaba

Mheshimiwa Waziri,

Serikali inataka kuifikisha reli ya SGR, ile reli ya kisasa, hadi Malaba mpakani na Uganda. Kabla hujatia sahihi mkopo wowote wa kazi hiyo, tunakuomba urudie mikataba ya Mei 2014 na Benki ya Exim ya China, kifungu kwa kifungu. Wengi hubishana kuhusu ukubwa wa deni, ilhali nguvu ya mkopeshaji imo katika masharti.

Kipande cha Mombasa hadi Nairobi kilijengwa kwa mikopo miwili. Mmoja, wa takriban dola bilioni 1.6, ulikuwa nafuu: riba asilimia 2, miaka 20. Wa pili, wa kiasi kama hicho, ulikuwa wa kibiashara: miaka 15, kwa kiwango cha Libor cha miezi sita (riba ambayo benki kubwa za London zilikuwa zikikopeshana) na asilimia 3.6 juu yake. Huu wa pili ndio uliotuumiza. Mwaka 2014 Libor haikufika nusu asilimia, hivyo riba yote ilikaribia 4. Kufikia 2023 ilikuwa kama 9. Kwa kila dola milioni 100 za deni, riba ya mwaka ilitoka dola milioni 4 hadi 9. Dola nayo ilipanda kutoka kama shilingi 87 hadi karibu 160 mapema 2024. Ukizidisha, shilingi milioni 348 zimekuwa zaidi ya bilioni 1.4, na hakuna behewa lililoongezeka.

Kisha kuna bandari. Ili deni lilipike, Halmashauri ya Bandari ilifungwa kwa mkataba wa kuipa reli mzigo, na mzigo ukipungua, ilipe pengo. Ndiyo maana makontena yalilazimishwa kupanda treni hadi bandari kavu ya Embakasi, hata pale lori lilipokuwa rahisi zaidi kwa mwenye mali. Madereva, mafundi wa gereji na mama lishe wa Changamwe hadi Mariakani walipoteza riziki, na Mombasa iliandamana. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022 tu. Mkopo uliamua kontena la Mkenya likatolewe ushuru wapi. Shinikizo lenyewe ndilo hilo.

Nakala zilizotolewa Novemba 2022 zinaonyesha mengine: sheria inayotawala ni ya China, mizozo huamuliwa Beijing, bidhaa zinunuliwe China kwanza, na masharti yawe siri.

Si China peke yake. Wenye hatifungani za dola, yaani wanaoikopesha serikali kupitia masoko ya nje, nao hutoza riba ya juu kwa kuogopa kutolipwa: hatifungani ya Februari 2024 ilituuzia fedha kwa zaidi ya asilimia 10. Mswada wa Fedha wa mwaka huo, uliolenga shilingi bilioni 346 za kodi mpya, uliandaliwa chini ya programu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na vijana waliuawa wakiupinga.

Kugeuza mikopo ya SGR kuwa yuani, Oktoba 2025, kumepunguza riba. Lakini hatari ya sarafu imehama tu, kutoka dola hadi sarafu ya China.

Kwa mkopo wa Malaba, tunadai rasimu nzima ifike Bungeni na kwa umma siku 30 kabla ya sahihi, chini ya Ibara ya 35 ya Katiba, inayompa raia haki ya kupata habari. Riba inayopanda na kushuka iwekewe kikomo. Mizozo isikizwe katika nchi isiyo ya mkopeshaji wala mkopaji. Na mapato ya bandari yasiwe dhamana, kwa jina lolote lile.