Isale nimelipokea, nanyi msimpe kata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo kwa miaka mingi nimelisema jikoni tu, nikiwa na mama mkwe wangu. Desemba imekaribia, na sisi watu wa Moshi tunajua maana yake: ndugu watapanda mlimani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, vikao vya ukoo vitakaliwa, mbuzi watachinjwa, na mbege itakuwa imeandaliwa siku kadhaa kabla. Ni majira ninayoyapenda. Lakini ndiyo majira ambayo ndoa yangu ilivunjika, na ndiyo ambayo baadaye, tulipokuwa tunaiunga, ilikaribia kuvunjika tena.

Mume wangu alikuwa mlevi. Simsengenyi, ameisoma barua hii kabla sijaituma, na neno hilo ndilo aliloniomba niliache kama lilivyo. Alianza na mbege ya jioni kama wanaume wengine wa kijijini, akaingia kwenye viroba vya pombe kali alipokuwa akiendesha bodaboda, na Serikali ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017 nilishangilia nikidhani tumepona, kumbe baada ya wiki mbili alikuwa amehamia kwenye gongo. Ng'ombe wa maziwa aliuzwa. Sufuria kubwa niliyopewa na mama yangu siku ya harusi iliuzwa. Fedha za ada nilizificha ndani ya kopo la unga wa ulezi, akazipata. Alinipiga mara mbili, na mara ya pili mtoto wetu wa kati alikuwa amesimama mlangoni ameshika kibatari, akitetemeka hata vivuli vyetu vikawa vinacheza ukutani. Usiku ule wa Desemba 2019 nilichukua watoto wote watatu nikaenda kwa wazazi wangu.

Wiki tatu baadaye alikuja na wazee, ameshika jani la isale. Kwa wasomaji wasio wa kwetu nieleze kwamba isale kwa Wachaga ni mmea wa amani. Mtu aliyekosa hulipeleka jani lake kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hatakiwi kulikataa. Nililipokea kwa mikono miwili, na nililipokea kwa moyo, kwa sababu chuki ilikuwa inanichosha kuliko kulea watoto peke yangu. Lakini alipoinama kunikabidhi nilisikia harufu ya gongo. Wazee nao walitaka nifungashe jioni ileile. Kwao kupokea isale na kurudi nyumbani lilikuwa jambo moja, nami nilipowaambia kwamba ni mambo mawili, mmoja wao alinijibu kwamba sheria hainiruhusu kukaa nje ya nyumba yangu kabla Baraza halijaamua.

Hilo si kweli, na ninaliandika hapa kwa ajili ya wanawake wanaoambiwa hivyo hadi leo. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla mtu hajaomba talaka mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo, na Baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati ya kusema kwamba limeshindwa. Hakuna mahali linapopewa nguvu ya kumrudisha mtu kwa lazima. Na kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema kwa maneno ya wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sikuomba talaka, na simlaumu aliyeiomba. Mwanamke ambaye bado anapigwa asiisome barua yangu kama ushauri wa kurudi.

Nilimwambia mume wangu mbele ya wazee kwamba nimemsamehe, na kwamba nitarudi siku nitakapouona mwaka wake, si siku nitakaposikia ahadi yake. Baba yangu alinyamaza kwa muda mrefu kisha akasema, "Mmemsikia." Ninamshukuru hadi kesho kwa neno hilo moja.

Alijaribu kuacha kwa ghafla, amejifungia ndani, akilindwa na baba mdogo wake. Siku ya pili alianza kutetemeka na kutoka jasho, akawa anafukuza wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona, kisha akaanguka kifafa. Ndugu walidhani ni mapepo, wengine wakasema nimemloga. Daktari alitueleza kwamba mwili uliozoea pombe kwa miaka huweza kufanya hivyo pombe inapokatwa ghafla, kwamba mtu anaweza kufa katika siku hizo za mwanzo, na kwamba kwa mtu wa namna hiyo kuacha kunatakiwa kufanyika chini ya uangalizi wa hospitali, kwa dawa na vitamini. Tafadhali, mwenye ndugu wa namna hiyo asimfungie chumbani akadhani anamsaidia.

Baada ya hospitali alipata mshauri aliyemfundisha njia wanayoifuata watu wa Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Humo mtu huandika orodha ya wote aliowadhuru, kisha huenda kurekebisha kwa kila mmoja pale inapowezekana, isipokuwa pale ambapo kwenda kwake kutamwumiza tena aliyeumizwa. Nimeiona orodha ya mume wangu. Ilikuwa kwenye daftari la shule, na mimi sikuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa yule mtoto wa kibatari. Alikuwamo mwenye duka aliyekuwa akimdai, na mwenye duka huyo alilipwa kidogokidogo kwa kulimiwa migomba. Alikuwamo mama yake mzazi, kwa mbuzi mmoja. Siku ya wazazi kutembelea shule alikwenda bwenini kwa mtoto, akasema aliyokwenda kuyasema. Mtoto alimjibu, "Nimesikia, baba," akarudi darasani. Hakuongeza neno, na hatukumlazimisha aongeze. Watu wazima hupenda kuwasemea watoto kwamba wamesamehe, ilhali watoto wana hesabu yao, na wa kwetu ilimchukua miaka miwili mingine kukaa na baba yake wakala pamoja bila mimi kuwapo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Alipotimiza miezi saba bila pombe kulikuwa na kikao cha ukoo, ni Desemba, watu wamejaa uani. Kata ya mbege ilizunguka kama kawaida, na ilipofika kwake aliipitisha kwa jirani yake kwa adabu. Mjomba wake, mtu mzima anayempenda, mmoja wa wazee waliokuja na isale kwetu, akairudisha mikononi mwake akasema, "Onja tu, usiwadharau baba zako." Watu wakacheka, wakashangilia. Akaonja. Tulimpata siku ya nne, kwenye banda la muuza gongo, amelala juu ya magunia. Mama mkwe ndiye aliyenipigia simu, na hakuweza kumaliza sentensi.

Mjomba hakuwa na ubaya, hilo nalijua. Kwetu kata si kinywaji tu. Ni undugu, ni baraka, ni namna ya kusema huyu ni mwenzetu, na anayeikataa huonekana amejitenga. Ndiyo maana inanikera zaidi. Wazee walewale walionihimiza nitoe nafasi ya pili siku ambayo mtu bado ananuka gongo ndio walioichukua nafasi hiyo kwa mkono wao, tena wakicheka, alipokuwa ameilinda kwa miezi saba. Mimi peke yangu sina uwezo wa kumpa nafasi ya pili mtu anayeishi katikati ya watu mia mbili. Ninaweza kufungua mlango wa nyumba yangu, lakini njia ya kutoka shambani hadi kwenye mlango huo inapita kwa vilabu vitatu na ndugu wasiohesabika.

Aliporudi safari ile hakuleta jani. Alikwenda mwenyewe hospitali, akaanza kuhesabu upya tangu siku ya kwanza, na mwaka ulipotimia nilirudi kama nilivyosema. Hata hivyo ufunguo wa stoo niliufunga kwenye pindo la kanga yangu, nikalala nao. Kila jioni alileta fedha za maziwa zikiwa zimekunjwa ndani ya kikaratasi cha lita, bila kuulizwa. Sikumbuki ni jioni ya ngapi nilipoufungua ufunguo ule nikautundika kwenye msumari wa mlangoni. Nakumbuka tu kwamba aliuona, akaenda kuwafungia ng'ombe, akakawia huko.

Ombi langu, Mhariri, ni kwa wakuu wa koo, wachungaji na mapadre, na ndugu wanaopanda kwa ajili ya sikukuu. Mkimwona mtu anaipitisha kata, ipokeeni bila neno. Wekeni togwa kwenye kikao, katika kibuyu kilekile cha heshima, atakayekunywa asitengwe kwenye benchi la watoto. Msimwulize kwa nini, msimjaribu, na msimtanie kwamba mkewe amemkalia. Wazee mnaopeleka isale, mkiipeleka, mjue mmekubali na ninyi kumlinda mliyemwombea.

Kikao cha ukoo wetu mwaka huu kitakuwa tarehe 27 Desemba, na mjomba ndiye mwenyekiti. Nimeshaloweka ulezi wa togwa. Mume wangu atakuwapo, nami nitakaa upande wake wa kulia, huko kata inakotokea.

Mama wa watoto watatu,
Moshi Vijijini, Kilimanjaro
(Jina limehifadhiwa)