Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja: akaunti mmeifunga, makato yanaendelea

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote nakuandikia hadharani, kwa kuwa njia nyingine zote nimezimaliza. Leo alfajiri benki imenitumia ujumbe kwamba ada ya mwezi ya huduma yenu imekatwa tena kwenye kadi yangu. Ni ada ya akaunti nisiyoweza kuingia. Mtu aliivamia, akabadilisha barua pepe na namba ya simu. Nilipowaarifu mkaifunga kwa sababu za usalama. Mlango mmeufunga, mkono mmeuacha mfukoni mwangu.

Kila nikiomba msaada naambiwa niingie kwenye akaunti, nifungue mipangilio, nibonyeze kitufe cha kusitisha. Nikiomba nenosiri jipya, msimbo unakwenda kwenye namba ya huyo mvamizi. Nikijaza fomu, inadai barua pepe iliyosajiliwa, na iliyosajiliwa sasa si yangu. Nikiandika kwenye dirisha la mazungumzo, roboti inanirudisha kwenye mipangilio ile ile. Mheshimiwa, aliyefungiwa nje atakifikiaje kitufe kilichoko ndani?

Siku ninajiunga mlinionyesha kwa herufi kubwa: "Jitoe wakati wowote." Nilipolalamika mliahidi jibu ndani ya saa 24. Nilijiunga kwa kuyaamini maneno yenu, na bado nasubiri jibu hilo.

Msiniambie hamnitambui. Kadi ni yangu na jina lililo juu yake ni langu. Nimewatumia tarakimu nne za mwisho, tarehe za makato na namba za miamala kama zilivyo kwenye taarifa ya benki. Kwa kumbukumbu hizo mnaweza kuiona akaunti inayolipiwa. Siombi kufunguliwa chochote wala kuona siri ya mtu. Kusitisha malipo hakumpi mwizi faida yoyote, sasa usalama huu mnaoutaja unamlinda nani?

Nakisia kwamba idara ya usalama na idara ya malipo hazizungumzi: moja imefunga akaunti, nyingine haina habari, na tarehe ikifika mashine inakata. Au mmepanga hivyo makusudi, mkijua anayechoka hunyamaza na kulipa. Hili la pili sitaki kuliamini, ila ukimya wenu unanisukuma huko.

Benki nimekwenda. Kubadilisha kadi peke yake huenda kusitoshe, maana Visa na Mastercard zina huduma za kumpelekea muuzaji namba mpya ya kadi iliyobadilishwa. Nimeomba malipo yenu yazuiwe na makato ya nyuma nimeyapinga. Lakini zuio la benki halivunji mkataba wangu nanyi. Kesho mtaniandikia kwamba nina deni, la huduma ambayo mmenifungia wenyewe! Na leo, kwa kuwa salio lilikuwa dogo, makato yenu yamekwamisha malipo mengine ya nyumbani. Watoto hawaelewi habari za akaunti.

Linawezekana hili. Ujerumani, tangu Julai 2022, sheria inawataka wanaouza huduma za kulipia kila mwezi mtandaoni waweke kitufe cha kusitisha kwenye tovuti, na mahakama za huko zimekataa kitufe hicho kufichwa nyuma ya nenosiri. Kwa nini mteja wa kwingine asubiri sheria ndipo muache kumkata?

Nilikuwa na mengi ya kudai: pesa nilizokatwa tangu mfunge akaunti, maelezo, hata kuombwa radhi. Hayo yanaweza kungoja. Ninachoomba sasa ni kimoja: sitisheni makato, kisha mniandikie kwamba mmeyasitisha na sina deni. Mteueni mtu, si roboti, alishughulikie kabla ya tarehe ya makato yajayo. Sitisheni makato, Mheshimiwa. Tafadhali sitisheni.

Wasalaam,
Mteja mliyemfungia akaunti