Risala ya wadadisi wa Micheweni, Pemba, kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunga mafunzo ya utafiti wa kaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Waheshimiwa masheha, walimu wakuu, wazee wetu, wazazi na vijana mliohudhuria,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Allah Subhanahu Wataala kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha mahali hapa. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu na kuja mwenyewe. Tunalitaja hili la kuja mwenyewe kwa sababu tumewahi kupata wageni rasmi waliotuma mwakilishi, na mwakilishi naye akatuma salamu. Kwa hiyo furaha yetu ya leo ni ya kweli, na tunaomba utuvumilie kwa yatakayofuata.

HISTORIA

Kikundi chetu ni cha vijana waliomaliza kidato cha sita, wengine wakiwa wanafunzi na wahitimu wa vyuo vyetu, ambao kwa nyakati tofauti tuliajiriwa kwa muda kuwa wadadisi: kupita nyumba kwa nyumba na madodoso, na siku hizi vishikwambi, kuwauliza watu wanakula nini, wanalala wapi, watoto wangapi wako skuli na maisha wanayaonaje. Kazi zile zilipokwisha, posho nayo ikaisha, tukaona tusitawanyike. Historia ni ndefu zaidi ya hapo ila muda hauruhusu, na khasa si hiyo tuliyokuitia.

MAFANIKIO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio ni mengi. Tumenunua meza moja kubwa na viti. Tumeanzisha maktaba ya utafiti, ambayo kwa sasa imo ndani ya maboksi. Tumejenga uhusiano wa kimataifa: mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu kutoka Ulaya alifanya kazi nasi, na hadi leo hututumia salamu za Idi. Vijana mnaowaona mbele yako leo wamefundishwa kuomba ridhaa kabla ya kuuliza, kuchagua kaya za sampuli bila ya kuangalia nani shangazi ya nani, na kuandika jibu alilolitoa mtu, si lile ambalo mdadisi angependa kulisikia. Hilo la mwisho limetuchukua muda mrefu kuliko yote.

Tumefanya pia utafiti wetu wenyewe, mdogo, kuhusu wavulana wanaoacha skuli. Mwaka 2000 wachumi wawili, George Akerlof na Rachel Kranton, waliandika makala iliyotia suala la utambulisho ndani ya hesabu za uchumi. Walisema mtu anapochagua jambo hapimi fedha peke yake. Hupima pia yeye ni nani, na watu wa kundi lake wanamtarajia awe vipi. Mwaka 2002 wakaipeleka hoja hiyo skuli: mtoto akiona pale hapana nafasi ya mtu kama yeye, juhudi hupungua hata kama faida ya elimu anaijua.

Sisi hatukuhitaji kwenda mbali kuliona. Mtoto anayekwenda dago, kambi ya wavuvi, na baba yake hurudi na pesa mfukoni na watu wa pwani wakimwita mvuvi. Akiingia darasani anaitwa mtoro. Kijana mmoja tulimuuliza kwa nini hakurudi skuli baada ya msimu wa karafuu, akatujibu, "Kule juu ya mkarafuu mimi ni fundi. Darasani nakaa nyuma na watoto." Wazazi wao hawakutwambia kwamba elimu haina maana. Wengi walitwambia ina maana kubwa, tena kwa uchungu. Sasa anayedhani tatizo ni mzazi asiyejua thamani ya elimu, atahutubia mikutano mpaka achoke na madawati yatabaki matupu.

Huo ndio utafiti wetu. Umo ndani ya boksi.

HAJA YETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watu wa kisiwa hiki si wageni wa kuulizwa. Utafiti uliofanywa Pemba juu ya watoto wadogo na vidonge vya madini ya chuma, ukachapishwa mwaka 2006 katika jarida la tiba la Lancet, ulionesha kwamba kuwapa watoto wote vidonge hivyo penye malaria nyingi kunaweza kuwadhuru baadhi yao, na Shirika la Afya Duniani likaurekebisha ushauri wake. Watoto wa mataifa tusiyoyajua wamefaidika kwa majibu yaliyotoka hapa.

Katika uchumi ni hivyo hivyo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya umeonesha kwamba umasikini wa mahitaji ya msingi Zanzibar ulikuwa asilimia 34.9 mwaka 2009/10, ukashuka hadi 30.4 mwaka 2014/15, na 25.7 mwaka 2019/20. Ni habari njema na tunaipigia makofi. Lakini uchambuzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2017 ulionesha kwamba katika kile kipindi cha mwanzo, umasikini wa Unguja ulipokuwa ukishuka, wa Pemba ulipanda kutoka kiasi cha asilimia 48 hadi 55. Tulipowasomea wazee wa shehia moja hapa, mzee mmoja aliuliza, "Hayo tuliyasema sisi?" Ndiyo, mzee. Mliyasema nyinyi, kwa midomo yenu, tulipokuulizeni mchele kilo ngapi kwa wiki.

Haja yetu ni kwamba majibu ya watu yawarudie watu. Na ili yawarudie, yawe na pa kukaa.

Hivi sasa madodoso yetu ya karatasi, ripoti tulizozichapisha kwa michango yetu na muhtasari wa Kiswahili tuliouandika wenyewe vimo kwenye maboksi, chini ya kitanda cha mwenzetu mmoja. Masika iliyopita maji yaliingia. Boksi la chini lina mchwa. Ukilifungua utaona ukurasa wa matumizi ya kaya umeliwa kuanzia sukari hadi mafuta ya taa. Haya ya mchwa tungeweza kuyavumilia. Tusichoweza kukivumilia ni kwamba karatasi zile zina siri za watu. Mna nani anadaiwa, nani hapati pesa kutoka kwa mumewe, mtoto wa nani ameachishwa skuli na kwa nini. Kila tulipoomba ridhaa tuliapa kwamba hayo yatafungiwa. Yamefungiwa kwa kamba ya usumba. Siku moja tumemkuta mtoto wa jirani anachora ngalawa nyuma ya dodoso, na upande wa pili pana deni la mtu wa mtaa huo huo.

Matokeo yake ni kwamba watu wameanza kutukataa, na wasiotukataa hutuficha. Kaya moja ilitwambia haina kuku, na kuku wenyewe wakapita juu ya dodoso. Bi mkubwa mmoja, tulimkuta pwani anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, maji yamemfika magotini. Tulikuwa na lile swali la ngazi, lililobuniwa na mwanasaikolojia Hadley Cantril na linalotumiwa hadi leo na ripoti ya furaha ya dunia: daraja la chini ni 0, la juu ni 10, wewe uko wapi? Alitutazama, akaendelea kufunga. Akasema, "Mlipokuja mara ile nilikwambieni tano. Kwani mliipeleka wapi tano yangu?"

Hatukuwa na jibu. Tukaandika tano tena, ambayo si utafiti.

Na ipo hatari nyengine. Mtaalamu Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, ameonya miaka mingi kwamba mtu aliyeishi na dhiki hujizoeza kuridhika na kidogo, kwa hiyo haitoshi kumuuliza kama ameridhika; tazama ana uwezo wa kufanya nini na kuwa nani. Kwetu sisi hata mwenye njaa akiulizwa hali husema Alhamdulillahi, na huo ni uungwana wala si takwimu. Mdadisi wa mbali ataandika saba. Mdadisi wa hapa atauliza tena kwa njia nyengine, kwa sababu anajua jana nyumba ile haikuinjika chungu. Lakini mdadisi wa hapa naye haaminiwi tena kama kila mwaka anakuja kuchukua na harudi kuleta.

Sasa, jengo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukitoka hapa ukatazama nyuma ya skuli, utaona kuta zilizofika linta. Tumezijenga kwa msaragambo: wazazi wametoa mchanga, vijana wametoa nguvu, masheha wametoa wasaa. Kinachokosekana ni kenchi, mabati, mlango madhubuti wenye kufuli, na makabati mawili. Makadirio ya fundi tumeyaambatanisha.

Tunaomba tuseme kwa heshima zote kwamba mabati hayo yameshaahidiwa. Yaliahidiwa katika hafla kama hii na mgeni rasmi kama wewe, na tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Tulipofuatilia tukaambiwa yako njiani. Tukafuatilia tena, yako bandarini. Sisi ni watu wa kisiwa, tunajua bandari zetu ni ngapi, na tumeziuliza zote. Baadae mgeni mwengine aliona mabati yanachelewa, akatuahidi kompyuta ili tusihitaji jengo. Kompyuta nazo hatujaziona, na hatumlaumu mtu kwa jina. Kuta ndizo zinazolaumu, kila masika zinaota majani.

Pamoja na paa tunaomba neno lako. Wewe una nafasi ya kusema pale sisi tusipofika. Tunaomba kila mtafiti anayepewa ruhusa ya kuuliza watu wa wilaya hii, awe wa kutoka Dar es Salaam, London au chuo cha jirani, aache kwa sheha kurasa mbili za Kiswahili zinazoeleza alichokigundua, na nakala ije kwenye chumba hicho. Kurasa mbili tu. Kama alipata muda wa kuuliza maswali mia na ushee, muda wa kurasa mbili ataupata. Sisi tutazisoma mbele ya watu, msikitini baada ya sala, pwani wakati wa bamvua, na kwenye mikutano ya wazazi. Tuko tayari kufanya hivyo bila ya posho, na tunaomba kauli hiyo isitumiwe vibaya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katibu wetu amefungua daftari la ahadi. Lina tarehe, jina la aliyeahidi, alichoahidi na siku ya kukileta. Atakuletea hapo ulipo kabla ya chakula, pamoja na kalamu. Pilau iko tayari na haitapoa kwa dakika mbili za kuandika.

Tunaomba kuwasilisha.